Uchambuzi wa Kisa: Risasi ya Pili Iliyopanda Kabla ya Zamu Yake

Usuli

Kisa hiki kinahusu Mosin-Nagant moja, bunduki ya zamani ya jeshi la Urusi, ya toleo la 1891/30, mali ya mwanachama wa klabu ya wapiga shabaha wanaotumia bunduki za zamani za kijeshi. Majina, mahali na namba ya bunduki nimeviondoa. Wahusika nitawataja kwa nafasi zao: Mmiliki, Msimamizi wa uwanja na Fundi wa silaha. Wote wameisoma taarifa hii na wameridhia itumike kufundishia.

Mmiliki si mgeni wa bunduki. Ana leseni, ana nidhamu, na amepiga shabaha kwa miaka mingi. Ila bunduki alizozizoea ni za jamii ya Mauser, na jambo hilo lilikuja kuwa na uzito mkubwa kuliko mtu yeyote alivyodhani mwanzoni.

Bunduki yenyewe ilitengenezwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita ilipitia ukarabati wa jeshi la Kisovieti, ikapakwa grisi nzito na kuwekwa ghalani kwa miongo kadhaa. Katika ukarabati wa aina ile bunduki zilifunguliwa zote, vipuri vikachanganyika, kisha bolti (chuma kinachosukuma risasi mbele na kuifungia kwa nyuma), kifuniko cha magazini (kisanduku cha risasi) na bamba la kitako vikapigwa namba upya ili vilingane na mtutu. Mnunuzi akiona namba zinalingana huamini ameshika bunduki iliyotoka kiwandani hivyo hivyo. Vipuri vidogo vya ndani, ambavyo havina namba, huwa havina wa kuvisemea.

Jinsi Mosin inavyolisha risasi

Bila kuielewa magazini ya bunduki hii, kisa chote kitabaki hadithi ya kukwama na kukwamuliwa. Kwa hiyo tukae hapa kidogo. Ninaposema risasi nina maana ya kitu kizima: ganda, kiwashio, baruti na kichwa.

Jeshi la Urusi liliipitisha bunduki hii mwaka 1891. Sehemu kubwa ya ubunifu ni ya Kapteni Sergei Mosin; kutoka kwa Mbelgiji Léon Nagant zikachukuliwa baadhi ya sehemu, hasa upande wa magazini na klipu, yaani kibanio kinachoshika risasi pamoja wakati wa kujaza. Risasi yake, 7.62x54R, ina ganda lenye ukingo uliotokeza kitakoni. Mwili wa ganda hapo chini una kipenyo cha milimita 12.4 hivi, na ukingo una milimita 14.4. Hiyo milimita moja inayozidi kila upande iliwapa wabunifu wa zama zile kazi kubwa. Kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa ikipigwa, ukingo ni msaada, kwa sababu unaizuia risasi isizame kupita kiasi. Kwenye magazini unageuka kuwa tatizo. Risasi zikilaliana, na ukingo wa ya juu ukawa nyuma ya ukingo wa ya chini yake, basi ya juu ikisukumwa mbele huikokota ile ya chini. Kingo zimeshikana, na bolti inagoma.

Magazini ya Mosin hubeba risasi 5 katika safu moja. Chini yake kuna kipandishio chenye springi kinachozisukuma juu. Kipandishio hicho kimeshikizwa kwenye kifuniko cha chini, kwa hiyo kifuniko kikifunguliwa vyote vinashuka pamoja na risasi zinaanguka. Upande wa kushoto wa mwili wa bunduki, kwa skrubu moja, kimefungwa kipande chembamba cha chuma chenye mnyumbuko. Hapo kuna kazi mbili. Moja ni kulirusha nje ganda tupu bolti inaporudi nyuma. Ya pili inafanywa na jino dogo linaloingia ndani ya magazini kupitia tundu la ubavuni na kuizuia risasi ya pili isipande. Kipande hiki nitakiita kizuizi.

Kizuizi hakikai tuli. Bolti inapogeuzwa kulia kufungwa, kichwa cha bolti hulisukuma jino nje, na risasi zilizomo hupanda hatua moja hadi ya juu kabisa iguse tumbo la bolti. Bolti inapogeuzwa kushoto kufunguliwa, jino hurudi ndani kwa mnyumbuko wake lenyewe na kuingia kati ya risasi ya juu na ya pili. Bolti ikivutwa nyuma, risasi iliyo huru ni moja tu. Zilizobaki zimewekwa chini kwa nguvu. Jino ni kama bawabu anayepitisha mtu mmoja kwa wakati, na amri ya kumpitisha anayefuata hutolewa na bolti iliyofungwa kabisa.

Kizuizi husifiwa kwa kupunguza kushikana kwa kingo, na sifa hiyo ni ya haki. Risasi ya pili ikikandamizwa chini, ya juu haina kinachoibana kutoka chini, na ukingo wake unaweza kuteleza juu ya ule wa pili hata kama ulikaa nyuma yake. Lakini kina kazi nyingine ambayo watu huipita bila kuiona, na kwangu ndiyo kubwa zaidi. Kulabu ya bolti ya Mosin, ile inayovuta ganda kutoka chemba, haiushiki ukingo mapema. Huurukia mwishoni kabisa, risasi ikiwa imeshaingia chemba na bolti inafungwa. Ukiisukuma bolti hadi mbele, ukaacha kuigeuza, kisha ukairudisha nyuma, risasi hubaki chemba peke yake. Kwenye Mosin nzima hilo halileti hatari: bolti haijageuzwa, jino halijatoka, risasi ya pili bado iko chini. Ukisukuma tena, bolti inakutana na risasi ile ile na kuifunga. Kizuizi kinalipia upungufu wa kulabu.

Mauser 98 inafuata njia nyingine. Ina kulabu ndefu ubavuni mwa bolti, na risasi inapochomoka magazini kitako chake huteleza chini ya kulabu hiyo na kushikwa hapo hapo, kabla hata haijafika chemba. Ukibadili mawazo katikati na kuivuta bolti nyuma, risasi hurudi nayo na kutupwa nje. Mtu aliyelelewa na Mauser hujenga tabia ya mkono: bolti ikiwa nzito, rudisha, sukuma tena. Kwenye Mauser ni tabia salama kabisa.

Yaliyotokea

Mmiliki aliifuta bunduki grisi ya nje, akapitisha brashi ndani ya mtutu, akaipeleka uwanjani. Risasi za mwanzo alizipiga moja moja na zote zilikwenda vizuri. Alipoanza kujaza magazini kwa klipu, matatizo yakaanza. Bolti ilisonga nusu ya njia ikagota. Mara nyingine ilipita kwa kulazimishwa. Mara nyingine risasi ya juu iliinua pua na kugonga juu ya mlango wa chemba.

Wenzake wakakusanyika. Mwanachama mmoja mkongwe, mwenye Mosin yake mwenyewe, alitazama kidogo tu akasema, "Hizo ni kingo, ndugu yangu. Zipange upya, kila ukingo uwe mbele ya ule wa chini yake." Mmiliki akafanya hivyo. Hali ikawa nafuu, ingawa haikupona. Kuanzia hapo tatizo likawa limeshapewa jina, na kila dalili mpya ilitafsiriwa kwa jina hilo.

Nyumbani Mmiliki alifikiri kwa njia inayoeleweka. Kama risasi ya juu inainua pua na kugota, labda hazipandi kwa nguvu na kwa ulinganifu. Akakifungua kifuniko cha chini na kukunjua springi ya kipandishio ili iwe kali zaidi. Alipojaribu kwa mkono aliona risasi zinaruka juu kwa nguvu, akaridhika.

Mara iliyofuata uwanjani hali ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Zaidi ya kugota, bolti sasa ilikuwa nzito kufungwa baada ya milio michache, kwa sababu grisi ya ghalani iliyokuwa imegandia ndani ya chemba ilipata joto na kuanza kunata. Mmiliki alisukuma bolti, risasi ikaingia chemba, bolti ikakataa kugeuka. Mkono wake ukafanya ulichozoea: akairudisha bolti nyuma ili asukume tena. Hakuna kilichotoka. Akasukuma mbele.

Bolti ikagota mapema kuliko kawaida, na mgoto wenyewe ulikuwa tofauti, wa kitu kinachobonyea kidogo. Mmiliki akasita. Msimamizi wa uwanja, aliyekuwa amesimama hatua chache nyuma yake, alikuwa ameona bolti ikirudi bila kutoa kitu na kwenda mbele tena. Akapaza sauti: "Acha hapo hapo! Usisukume!"

Ndani ya bunduki kulikuwa na risasi mbili zikifuatana. Ya kwanza ilikuwa chemba, kiwashio chake kikitazama nyuma. Ya pili ilikuwa imeshapanda kutoka magazini, na ncha yake ya chuma ilikuwa imeegemea kitako cha ile ya kwanza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Msimamizi: hakuna anayeigusa bolti, mtutu unabaki umeelekea kwenye kifusi cha udongo kinachopokea risasi, na wote walio kwenye mstari waweke silaha chini na warudi nyuma. Sababu yake ni wazi kwa anayejua kiwashio kinafanyaje kazi. Kiwashio kinahitaji kupigwa na kitu kidogo kigumu. Pini ya bolti ni kitu cha aina hiyo, na ncha ya kichwa cha risasi inaweza kuwa kitu cha aina hiyo pia. Risasi ikilipuka chemba wakati bolti haijafungwa, hakuna kinacholizuia ganda nyuma. Gesi na vipande vya shaba huja usoni kwa mpigaji.

Hofu hii ina historia. Lebel ya Ufaransa ya mwaka 1886 ilibeba risasi 8 ndani ya bomba lililolala chini ya mtutu, kila risasi ikitazama kitako cha iliyo mbele yake. Mwaka 1898 Wafaransa walipoingia kwenye vichwa vyenye ncha kali, usalama ukategemea mfereji wa mviringo uliochongwa kitakoni mwa ganda kuzunguka kiwashio, ili ncha ya risasi ya nyuma itulie humo na isiguse kiwashio chenyewe. Ganda la 7.62x54R halina mfereji kama huo. Halikuhitaji, maana kwenye Mosin risasi mbili hazikutakiwa kamwe kukutana kwa namna hiyo.

Uamuzi wa pili ulihusu mpangilio wa kuondoa. Wengine walishauri bolti ivutwe nyuma mara moja. Msimamizi alikataa na kuanza chini: akafungua kifuniko cha magazini taratibu, risasi zilizobaki zikaanguka, na nguvu ya springi iliyokuwa inaisukuma ile ya pili ikaondoka. Hapo ndipo bolti ilipovutwa nyuma polepole, na risasi ya pili ikatolewa kwa vidole. Hoja yake ilikuwa kwamba bolti ikivutwa huku springi inasukuma kutoka chini, risasi ya tatu nayo inaweza kuruka na kuigonga ya pili. Niliposikia maelezo hayo nilimheshimu zaidi ya nilivyokuwa nikimheshimu. Ni mtu aliyeona magazini nzima akilini mwake wakati wengine wanaona bolti tu.

Ikabaki ya chemba, iliyonata. Magazini ikiwa tupu na hakuna mtu pembeni, Msimamizi alifunga bolti juu yake ili kulabu iushike ukingo, akaifungua, risasi ikatoka. Kwenye kiwashio hapakuwa na alama ya kuonekana kwa macho. Bunduki ikafungiwa na kupelekwa kwa Fundi siku hiyo hiyo, ikiwa na karatasi yenye sentensi moja: risasi mbili zimelishwa, kizuizi kikaguliwe.

Mmiliki alisisitiza kwa Fundi kuwa tatizo ni kingo. Fundi hakubishana naye. Alichukua risasi bandia 5, zisizo na baruti wala kiwashio, akaziandika namba 1 hadi 5 kwa kalamu ya wino mzito, akazijaza kwa klipu na kuibana bunduki kwenye jiliwa. Kisha akamwambia Mmiliki asimame juu ya bunduki na tochi. "Mzee, ya kwanza achana nayo. Mimi nitachezesha bolti polepole. Wewe niambie namba mbili iko wapi."

Kilichopatikana

Bunduki ikijazwa sawasawa, ikiwa bolti imevutwa nyuma, risasi moja hukaa juu ya jino na nne chini yake. Hii ilipojazwa, namba 2 ilionekana imechungulia nusu. Jino lilikuwa linaigusa ukingoni mwa mwili wa ganda tu, si kulikalia. Fundi alipolibonyeza kwa kijiti cha mbao lilirudi taratibu, kama limezama kwenye gundi. Alipogonga kidogo ubavu wa bunduki kwa kiganja, namba 2 iliruka.

Sababu zilikuwa tatu, na zilisaidiana. Nyuma ya kizuizi, kwenye nafasi ambayo brashi ya kawaida haifiki, kulikuwa na grisi ya ghalani iliyogeuka kuwa kama nta ya kahawia. Ilikuwa inakibana kizuizi kisirudi ndani kwa wakati. Skrubu yake ilikuwa imelegea kiasi cha kukiachia kisimame mbali kidogo na mwili wa bunduki. Na pembe ya jino, iliyotakiwa kuwa kali, ilikuwa imeviringwa kwa tupa, kazi ya mtu wa zamani asiyejulikana. Juu ya hayo, springi iliyokunjuliwa na Mmiliki ilikuwa inaongeza msukumo dhidi ya jino ambalo tayari lilikuwa dhaifu.

Fundi hakurekebisha vyote kwa pamoja. Alianza kwa kusafisha grisi kwa mafuta ya taa, akajaribu tena na namba zake. Namba 2 ikatulia, lakini haikuvumilia kugongwa ubavuni. Akakaza skrubu, akajaribu. Ikavumilia, ila si kila mara. Akairudisha springi ya kipandishio kwenye umbo lake kwa kuilinganisha na ya Mosin nyingine, akajaribu. Sasa ilishindwa kwa nadra, pale tu bolti ilipochezeshwa kwa nguvu. Hapo ndipo alipoamua jino halifai.

Kulikuwa na mvutano hapa, na sioni aibu kuuandika. Mmiliki alitaka jino lijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya, ili kipande kilichokuja na bunduki kibaki. Kwa mkusanyaji wa vitu vya historia ombi hilo lina maana. Fundi alikataa: kipande kile ni springi, na moto wa kuchomelea unaua mnyumbuko wa chuma. Walikubaliana kuweka kizuizi kingine cha toleo hilo hilo, kikalinganishwa kwa mkono, na kile cha zamani kikawekwa kwenye mfuko pamoja na karatasi ya maelezo. Chemba nayo ilisuguliwa hadi grisi yote ikaisha.

Matokeo

Kwa risasi bandia, bunduki ililisha bila kukosea, bolti ikichezeshwa polepole na kwa nguvu, bunduki ikiwa wima na ikiwa imelazwa ubavu. Uwanjani walianza na risasi moja ndani ya magazini, kisha mbili, kisha tano. Uzito wa bolti uliisha.

Jambo moja halikwisha kabisa. Risasi zikipangwa kwenye klipu kinyume kwa makusudi, kila ukingo ukiwa nyuma ya ule wa chini yake, bado kuna mkwaruzo kidogo unaosikika mkononi. Lakini bolti inapita. Mmiliki ameendelea kuzipanga vizuri kwa mazoea, na hana sababu ya kuacha.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya chochote ni kusita kwa Mmiliki. Mkono wake ulihisi mgoto usio wa kawaida naye akausikiliza, kabla hata ya sauti ya Msimamizi kumfikia. Watu wengi kwenye nafasi hiyo huongeza nguvu. Sijui njia ya kumfundisha mtu hisia hiyo kwa maneno matupu. Wanafunzi wapewe bunduki yenye risasi bandia mbili zilizofuatana, waisukume bolti, waijue sauti yake na ugumu wake mkononi.

Utambuzi wa mwanzo ndio ulioshindwa, na namna ulivyoshindwa inastahili kuangaliwa kwa makini. Ushauri wa kupanga kingo haukuwa wa kipuuzi. Ulitoka kwa mtu mwenye uzoefu, na uliposikilizwa ulileta nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyopotosha. Hebu tufikiri: kama kizuizi kingekuwa kinafanya kazi, risasi ya juu isingekuwa inabanwa kutoka chini, na mpangilio wa kingo ungebadilisha hali kidogo sana. Mpangilio ulibadilisha hali kwa kiasi kikubwa. Maana yake risasi ya pili ilikuwa inaikandamiza ya kwanza wakati ambapo ilipaswa kuwa imezuiwa. Dawa ilipofanya kazi vizuri kuliko ilivyotakiwa, yenyewe ilikuwa inamnyooshea kidole mgonjwa halisi, yaani kizuizi. Hakuna aliyeuliza swali hilo, kwa kuwa mtu akipata nafuu haulizi kwa nini.

Kukunjua springi kulitokana na macho kubaki kwenye risasi ya kwanza. Ilikuwa inainua pua, kwa hiyo Mmiliki akafikiria kinachoiinua. Kumbe pua iliinuliwa na risasi ya pili iliyokuwa inaisukuma kutoka chini mahali pasipofaa. Nguvu zaidi ya springi ilimaanisha msukumo zaidi juu ya jino, na jino likateleza kwa urahisi zaidi. Katika mfumo wa kulisha huwezi kuongeza nguvu sehemu moja bila kuuliza ni nani anayeipokea upande wa pili.

Tabia ya mkono nayo inahitaji kusemwa bila kuuma maneno. Mmiliki alipoirudisha bolti alifanya kile ambacho Mauser ilimfundisha, na kwa Mauser ni sahihi. Kila bunduki ya zamani ilijibu swali moja kwa jibu lake: nani anaimiliki risasi tangu inapotoka magazini hadi bolti ifungwe? Mauser imeikabidhi kazi hiyo kulabu. Mosin imeikabidhi kizuizi, kwa kuhakikisha hakuna risasi ya pili itakayokuja. Mannlicher ya Austria ya mwaka 1895, ambayo nayo hutumia risasi zenye ukingo, huzishika zote ndani ya klipu inayoingia pamoja nazo na kuanguka kupitia chini zikiisha, na mpangilio wa kingo umeshaamuliwa kabla klipu haijaingia. Lee-Enfield ya Waingereza, yenye magazini ya risasi 10 za .303 zenye ukingo, haina kizuizi cha namna ya Mosin. Inategemea midomo ya magazini na mpangilio mzuri wa kujaza. Anayehama kutoka bunduki moja kwenda nyingine anahama na mkono wake, na mkono haujui kuwa ulinzi umebadilisha mahali.

Njia ya Fundi ilifaa kwa sababu mbili. Namba kwenye risasi zilimlazimisha kila mtazamaji kusema alichokiona badala ya alichokiamini. Na kurekebisha kitu kimoja, kisha kujaribu, kulionyesha kwamba sababu zilikuwa zaidi ya moja. Angeisafisha grisi, akakaza skrubu na kuirudisha springi kwa mkupuo, bunduki ingeonekana imepona kwenye meza, jino bovu lingebaki ndani, na siku moja ya kupiga kwa haraka lingeachia.

Upungufu mwingine ulikuwa wa klabu. Bunduki hii iliruhusiwa kupiga baada ya kukaguliwa mtutu, chemba na usalama wa bolti, mambo yote ya lazima. Hakuna aliyekagua namna inavyolisha, kana kwamba magazini ni suala la starehe ya mpigaji tu. Bunduki iliyolala kwenye grisi kwa miongo, yenye vipuri kutoka bunduki nyingine, inahitaji ukaguzi huo kabla ya risasi halisi hata moja kuingia kwenye magazini.

Sasa klabu ina jaribio lake kwa kila Mosin inayoingia. Kizuizi kinafunguliwa na kusafishwa nyuma yake, skrubu inakaguliwa. Risasi bandia 5 zenye namba zinajazwa kwa klipu. Bolti inasukumwa hadi mbele lakini haigeuzwi, kisha inavutwa nyuma, huku ubavu wa bunduki ukigongwa kwa kiganja. Namba 1 inapaswa kubaki chemba, na namba 2 inapaswa kubaki chini ya jino. Bolti inasukumwa tena, inafungwa, inafunguliwa: namba 1 inatoka, namba 2 inasimama juu ya jino ikisubiri. Zoezi linaendelea hadi namba 5. Bunduki ikiachia namba 2 mapema hata mara moja, hairuhusiwi kujazwa zaidi ya risasi moja moja hadi Fundi aione.